Kikaango cha chuma kimeota kutu na kinanata: nikitupe?

*Swali: Fundi, mwangaluka. Kaka yangu alipokuja likizo kutoka Marekani aliniletea kikaango cheusi cha chuma, kizito mno. Nilikiosha kwa mchanga na majivu kama ninavyoosha masufuria yangu mengine, asubuhi nikakikuta kina kutu. Jirani akanishauri nikipake mafuta mengi nikibandike jikoni. Sasa kinanata kama gundi na kina harufu ya mafuta yaliyolala. Nikikaanga sato, ngozi yote inabaki chini. Mama mkwe anasema kutu ile itatuletea pepopunda, mume wangu anataka akipeleke kuchomelewa mpini mrefu. Mimi nataka kukitupa. Unasemaje? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

Mwangaluka, dada. Usikitupe, wala usimgawie mtu. Kikaango chako ni kizima. Mchanga na majivu vilikivua utando uliokuwa unakilinda, kutu ikapata nafasi. Kisha yakaja mafuta ya ushauri wa jirani, yakawa mengi huku moto ukiwa mdogo, yakabaki nusu mabichi. Jirani hakukosea kutaja mafuta na moto, kilichopotea ni kipimo. Karibu kila kikaango kinachonata ninacholetewa kina kisa hichohicho: mafuta yamezidi, moto umepungua. Ukigeuza viwili hivyo, mafuta kidogo sana na moto wa kutosha, mengine yote ni ya kujifunza polepole.

Kazi yangu ni kusubu chuma, kwa hiyo niruhusu nianze na chuma chenyewe kabla hatujaingia jikoni.

Kikaango chako kimetengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Ndani yake mna kaboni, asilimia 2 hadi 4 hivi. Kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiyeyuke karibu na nyuzi 1,200 za Selsiasi badala ya 1,538 za chuma kitupu, na ndiyo hiyohiyo inayokifanya kiwe kigumu bila kuwa na unyumbufu. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji hakibonyei, kinapasuka. Ukikipapasa utahisi vipelepele vidogovidogo. Hiyo ni alama ya mchanga wa kalibu, si ubovu, kwa hiyo asitokee mtu na grenda akakwambia anakilainishia. Mwingereza Abraham Darby alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga mwaka 1707, na hadi leo msingi wa kazi ni uleule.

Usikichanganye na vyombo vingine tulivyonavyo. Sufuria zinazosubiwa mitaani ni za alumini chakavu, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa ukipulizwa vizuri unalifikia bila shida. Kikaango cha muuza chipsi mayai na karai la kukaangia mihogo, mara nyingi, ni bamba la chuma lililokatwa na kugongwa au kuchomelewa. Chukua sumaku: kwenye alumini haishiki, kwenye chuma inashika. Bamba na chuma cha kusubu vyote vinashika, na vyote vinakomazwa, yaani vinajengewa ule utando wa kuvilinda, kwa njia moja, isipokuwa bamba ni jembamba, linapinda, na linavumilia kuangushwa. Kwa hiyo kama una karai linalokusumbua, lifanyie haya nitakayokueleza. Na ukitaka kuona chuma kilichokomaa kinafananaje, huhitaji kumwomba kaka picha. Simama jioni kwenye banda la chipsi lenye wateja wengi, utazame kile kikaango cha mayai: cheusi tii, kina mng'ao wa mbali, yai linateleza lenyewe. Mwenye banda hajakipaka kitu cha ajabu. Anakaangia mafuta ya moto kila siku na hathubutu kukigusa kwa mchanga.

Weusi ule si masizi na si rangi. Ni mafuta yaliyogeuka kuwa kitu kingine. Molekuli za mafuta zina minyororo mirefu ya kaboni, na katika baadhi ya mafuta minyororo hiyo ina viungo vilivyo tayari kushikana na oksijeni, kisha vikashikana na minyororo ya jirani. Joto kali linaharakisha kushikana huko, na chuma chenyewe kinasaidia, mpaka mafuta yanaacha kuwa majimaji na kuwa wavu mmoja mgumu uliong'ang'ania kwenye vipele na vishimo vya kikaango. Maji hayauondoi tena. Sabuni ya kuoshea vyombo nayo haiuondoi, kwa kuwa haikuti mafuta pale. Mafundi wa mitumbwi wanaijua tabia hii kwenye rangi za mafuta: rangi nyembamba ikipakwa mara nne inakauka na kudumu, lakini ukiimwaga nene kwa mkupuo mmoja inakauka juu, chini inabaki ujiuji. Hicho ndicho kilichopo kwenye kikaango chako sasa hivi.

Mafuta gani, basi? Hapa watu hubishana hadi wakanuniana, nami naona sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna sababu ya kuhangaika. Wanakemia wana kipimo kinachoitwa namba ya iodini. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyokuwa na viungo vingi vya kushikana. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana namba kati ya 118 na 141. Ya pamba yamezidi 100 kidogo. Mawese yako karibu na 50, na mafuta ya nazi hayafiki hata 12. Maana yake mawese ya Kigoma ni matamu kwenye maharage lakini kwenye kukomaza chuma ni mvivu, na nazi ni mvivu zaidi. Chukua alizeti iliyosafishwa. Ukiikosa, chukua mafuta ya pamba, ambayo ukanda wetu wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu umeyakamua miaka na miaka. Asikudanganye mtu kuwa mafuta ya pamba ni ya hali ya chini. Yale mafuta meupe mazito yaliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1911 kwa jina la Crisco, ambayo mabibi wengi wa huko walikomazia vikaango kama hicho chako, mwanzoni yalitengenezwa kwa mbegu za pamba.

Alizeti ya kukamua kwenye mashine ndogo, ile yenye rangi nzito na machicha chini ya dumu, inafaa ukiiacha itulie na kuchota ya juu tu. Hutoa moshi mapema kuliko iliyosafishwa, na machicha yake huungua na kuacha madoa. Samli nayo ina mabaki ya maziwa yanayoungua, iache kwa ajili ya ugali na mboga. Wengine watakwambia utafute mafuta ya mbegu za kitani kwa sababu namba yake ya iodini inapita 170. Ni kweli utando wake unakuwa mgumu haraka, lakini kwa vile ni mgumu sana huvunjika na kubanduka vipandevipande, na mafuta yenyewe ni ghali. Sikushauri.

Na mafuta ya sangara? Najua kuna atakayeuliza, maana kwetu hayakosekani. Mafuta ya samaki hukauka kweli, yamewahi kutumiwa kutengenezea rangi za kupaka nyumba. Lakini kikaango kitanuka samaki mpaka kwenye chapati. Kama ni kikaango cha kukaangia mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, peke yake, shauri yako.

Sasa tukiokoe. Kwanza lazima ile gundi itoke, na hapa majivu yaliyokuletea taabu ndiyo yatakayokusaidia. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti, ambayo ikilowa maji inakuwa kali kama magadi na inakula mafuta. Ndiyo maana yanang'arisha sufuria, na ndiyo maana hayafai kwenye chuma kilichokomaa. Lakini leo unataka kuvua. Chekecha majivu, yakoroge na maji ya moto yawe uji mzito, paka ndani na nje, uache saa kadhaa, kisha vaa glavu usugue kwa stilwaya. Rudia mpaka unato uishe. Wapo wanaotumia kostiki ya kutengenezea sabuni. Inafanya kazi haraka, ila inaunguza ngozi na kupofusha macho, na ikigusa chombo cha alumini inakitafuna huku ikitoa gesi inayowaka. Kwenye nyumba yenye watoto siipendekezi. Wala usikitupe katikati ya moto wa kuni ili gundi iungue. Chuma cha kusubu kikipata joto kali upande mmoja na baridi upande mwingine, hupasuka au hupinda, na kikishapinda hakinyooshwi.

Kutu nayo ina dawa yake. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, uzamishe kikaango dakika 30, ukitoe usugue. Kama kutu bado ipo, kirudishe muda mfupi tena. Usikilaze humo usiku kucha, kwa sababu siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Ukishakisuuza, usikiinamishe kando kijichuje kama sahani. Chuma kitupu chenye maji huanza kugeuka rangi ya machungwa ndani ya dakika chache. Kifute na kukibandika kwenye moto mdogo papo hapo mpaka kikauke kabisa. Kitakuwa cha kijivu, kibaya kutazama. Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Wengi wetu hatuna oveni, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwingine yanaanzia hapo kwenye oveni, watu wakakata tamaa. Jiko la mkaa linatosha. Liwashe nje, mahali penye hewa, maana kuna moshi wa mafuta na kuna gesi ya mkaa isiyo na harufu ambayo imeua watu waliojifungia nayo ndani. Subiri mkaa ushike wote, ndimi za moto ziishe na makaa yaanze kuvaa majivu meupe. Pasha kikaango kwanza kiwe cha vuguvugu la kushikika kwa kitambaa. Tia nusu kijiko cha chai cha mafuta, nusu tu, uyasambaze kwa tambara la pamba ndani, nje, ukingoni na kwenye mpini. Halafu chukua tambara jingine kavu uyafute yote. Sisemi upunguze, nasema ufute kama mtu anayetaka kuyatoa, mpaka tambara likose cha kuchukua. Utaona kama hakijabaki kitu. Kimebaki, na ndicho kinachotosha. Watu wengi huogopa hapa, wakaongeza “kidogo tu cha baraka”, na gundi ikarudi.

Panga mawe matatu au nondo mbili juu ya jiko ili kikaango kikae juu ya makaa bila kuyagusa, ukigeuze kifudifudi ili mafuta yoyote yaliyosalia yasituame ndani. Kifunike kwa debe la chuma lililokatwa, au karai kuukuu, ili joto lizunguke kote. Baada ya muda utaona moshi. Moshi ni dalili njema: alizeti iliyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 230, na huko ndiko tunakotaka kufika. Endelea mpaka moshi upungue na kukatika, kwa kawaida kati ya dakika 40 na saa moja. Ongeza makaa kama moto unalala. Kisha kiache kipoe chenyewe palepale. Rudia kupaka, kufuta na kuoka mara tatu au nne, hata kama ni kwa siku mbalimbali.

Duru ya kwanza kitatoka cha kahawia chenye mabaka, usishtuke. Weusi unakuja baadaye, na mwingi utaletwa na mapishi. Kipimo changu ni kidole: kikipoa, kipitishe kidole kikavu. Kikiteleza, utando umeiva. Kikinata, usiongeze mafuta. Kirudishe motoni hivyohivyo bila kitu, moto uwe mkali zaidi. Kwa mwenye oveni, ni nyuzi 230 hadi 250 kwa saa moja, kikaango kikiwa kifudifudi. Kwa mwenye gesi peke yake inawezekana pia, lakini duara la moto wa gesi ni dogo, kwa hiyo ukisogeze kila baada ya dakika chache ili ukingo nao upate joto.

Hapo kitakuwa na utando wa kuanzia, ambao bado ni mchanga. Kwa wiki za kwanza kikaangie vitu vyenye mafuta: mihogo, viazi, vitunguu, maandazi, dagaa. Yai liache kwanza. Kila ukikaanga, utando unaongezeka kidogo.

Tuje kwa sato, maana naona hilo ndilo linalokuuma zaidi. Hata kikaango kilichokomaa miaka kumi kitamshika sato ukimweka akiwa anachuruzika maji. Protini ya samaki hushika chuma pale ambapo joto ni dogo, na maji ndiyo yanayolishusha joto hilo. Tena sisi tumezoea alumini, inayopitisha joto mara tatu hivi kuliko chuma cha kusubu. Alumini inapata moto mara moja, na inapoa mara moja. Chuma kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata kinaukumbatia. Kwa hiyo kibandike kikavu kwenye moto wa kiasi, dakika tano hadi saba, usikiharakishe kwa moto mkubwa. Dondoshea tone la maji. Likitandaa na kuchemka, bado. Likijikunja kuwa gololi na kukimbiakimbia, kimefika. Ndipo utie mafuta, uyaache yapate moto, ndipo aingie samaki.

Na samaki mwenyewe awe amekaushwa. Ukishampaka ndimu na chumvi, mwache akae, atatoa maji. Mfute kwa kitambaa safi ndani na nje, hasa kwenye mikato uliyomchanja. Ukipenda mpake unga wa ngano kidogo, mwembamba. Muweke, halafu mwache. Hapa ndipo mikono ya wapishi wengi inapowasha: wanamgusa, wanamsogeza, wanamchungulia chini. Samaki aliyeanza kuiva hushika kwanza, na ngozi ikishakauka na kuwa ya kahawia anajiachia mwenyewe. Ukimsukuma kwa mwiko akagoma, hajawa tayari. Mnofu mnene wa sangara unahitaji moto upunguzwe baada ya upande wa kwanza kushika rangi, la sivyo nje unaungua na ndani ni mbichi. Dagaa wabichi wana maji mengi, wakaange kidogokidogo.

Kuosha ni kazi ya dakika mbili. Kikiwa bado na joto la kuvumilika, tia maji ya moto, sugua kwa dodoki. Penye mabaki yaliyoganda, sugulia kwa chumvi ya mawe. Sabuni ya maji ya vyombo haina tatizo, tumia tone. Ule wosia wa kutotia sabuni kabisa unatoka enzi ambazo sabuni za nyumbani zilikuwa na kostiki iliyobaki bila kumalizwa na mafuta. Kwa sababu hiyohiyo, sabuni ya mche ya kienyeji usiitumie, huijui imepikwaje. Mchanga wa ziwani, majivu na stilwaya vibaki kwa masufuria ya alumini. Waeleze na wasaidizi wako wa jikoni, kwa maana nimeona vikaango vya miaka mingi vikivuliwa ngozi asubuhi moja na binti mwenye bidii aliyetaka kumfurahisha bosi wake. Usikiloweke. Na usimwagie maji ya baridi kikiwa cha moto, utasikia mlio mmoja tu wa “ta!” na habari yake imekwisha.

Baada ya kuosha, kikaushe jikoni, kipake mafuta ya kugusa tu, ukihifadhi mahali pakavu. Maji yetu ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya Nyegezi haiendi mbio kama ya Tanga au Unguja, ila hewa ya ufukweni ina unyevu, na wakati wa masika hata kikaango kilichofutwa vizuri kinaweza kuota vidoa kikikaa kabatini kimefunikwa. Usikifunike kwa mfuniko kikavu ukakiacha, unyevu unafungiwa humo ndani. Weka karatasi ya gazeti kati yake na chombo kingine. Kutu ndogo ikitokea, isugue, kaushe, paka, pasha moto, maisha yanaendelea.

Kuna vyakula visivyopatana nacho. Nyanya nyingi, ndimu na ukwaju vikichemka humo muda mrefu vinakula utando na kuacha ladha ya chuma. Nyanya mbili za kuunga haraka hazina neno, lakini mchuzi wa saa nzima upikie sufuria. Ndizi mbichi usizichemshe humo kabisa. Zina tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Mgeni kutoka Bukoba ukimtengea ndizi zilizogeuka rangi ya lami, utaeleza sana.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba pepopunda inatokana na bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi, nao huingia mwilini kupitia kidonda. Msumari wenye kutu unatisha kwa sababu umelala kwenye udongo na unachoma ndani, si kwa sababu ya kutu. Kula chakula cha kwenye kikaango hakuleti pepopunda. Ni kweli kwamba chuma kidogo huingia kwenye chakula, zaidi kwenye vyakula vichachu, na kwa watu wengi, hasa akina mama wenye upungufu wa damu, hilo halina ubaya, ingawa si badala ya dawa waliyoandikiwa. Tahadhari yangu ni moja: kama nyumbani kuna mgonjwa wa selimundu (sikoseli) anayeongezewa damu mara kwa mara, muulize daktari wake kwanza. Damu ya kuongezewa huja na madini ya chuma mengi ambayo mwili hauna njia rahisi ya kuyatoa, na kwetu Kanda ya Ziwa familia zenye selimundu si chache.

Limebaki la shemeji na mpini. Asikipeleke kuchomelewa. Kwenye mshono wa weldi, chuma cha kusubu hupata joto la ghafla na kupoa ghafla, na kaboni ile niliyoitaja inafanya sehemu hiyo iwe kavu zaidi kuliko ilivyokuwa. Ufa utaanzia hapo, leo au siku kikiwa kimejaa mafuta ya moto mkononi mwako. Fundi mwenye vifaa maalumu huwasha moto kipande chote kwanza, anatumia fimbo za nikeli, kisha anakipoza taratibu mno, nayo ni kazi ya mashine za ghali, si ya kikaango. Mpini mfupi una sababu yake: uzito ule unanyanyuliwa kwa mikono miwili. Mshonee mfuko wa kitenge wenye matabaka manne wa kuvika mpini, na kitambaa cha pili kizito cha kushikia upande wa pili. Shemeji akitaka kusaidia kwa mikono yake, akate lile debe la kufunikia.